Mtoto Aliyekuja Kabla ya Miaka Mitatu

Mwalimu mkuu wetu alikuwa mtu mpole, na upole wake ulinichosha kuliko ukali wa mtu mwingine yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Siku nilipomwambia kwamba nina mimba ya miezi sita na kwamba nitahitaji likizo ya uzazi kuanzia mwishoni mwa mwezi wa nane, alitabasamu, akanipongeza, akasema Mungu ni mwema. Kisha akatazama dari. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Yule wa kwanza ulijifungua lini vile?"

Nikamwambia.

Akahesabu upya, safari hii akianzia kidole gumba. "Mwalimu, hapa pana tatizo kidogo."

Wakati huo nilikuwa nafundisha darasa la tatu katika shule ya msingi huko Kitahana, wilaya ya Kibondo. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mume wangu alikuwa fundi magari mjini Kasulu na alikuja nyumbani mwisho wa juma, kama kuna lori na kama barabara imekubali. Mtoto wetu wa kwanza, wa kiume, alikuwa na miaka miwili na nusu. Huyo nilimzaa Kasulu, nikiwa kwa mama yangu, katika likizo ya siku themanini na nne yenye mshahara kamili. Niliiomba, nikapewa, nikaondoka, nikarudi. Sikuuliza swali na hakuna aliyeniuliza. Kwa hiyo nilidhani mambo ya uzazi kazini ndivyo yalivyo, kwamba mwanamke akizaa anapumzishwa, awe ameolewa au hajaolewa, na akizaa tena anapumzishwa tena.

"Sheria inasema mara moja kila miaka mitatu," mwalimu mkuu akasema. "Sasa huyu wako atakuja miaka mitatu haijatimia. Itakuwa imebaki kama miezi minne."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ndiyo hivyo."

"Mkuu, mtoto atazaliwa mwezi wa nane. Sheria itake isitake, atazaliwa."

"Ni kweli kabisa," akasema kwa huruma kubwa, akanifungulia mlango.

Angebishana ningejua la kufanya. Nilirudi darasani nikawakuta watoto wamepanda juu ya madawati, na nikawafokea hadi sauti ikakauka. Hawakuwa na kosa kubwa, wale. Shule nzima ilikuwa imepungukiwa walimu. Tangu wakimbizi wa Burundi walipoanza kuingia kwa wingi, na mashirika yakaingia nyuma yao na magari meupe, walimu wetu wawili walikuwa wamekwenda kufanya kazi kambini, na hakuna aliyeletwa mahali pao. Nafasi ya mmoja nilikuwa naijaza mimi. Ya mwingine ilijazwa na kiranja.

Nikaamua kwenda mwenyewe ofisi ya elimu Kibondo mjini. Kutoka kwetu si mbali, lakini kwa mimba ya miezi sita, juu ya kibebeo cha baiskeli, katika vumbi la kiangazi, unafika ukiwa mwekundu mpaka kwenye kope. Nilipangusa uso kwa ncha ya kanga nikaingia. Ofisa wa utumishi niliyempata alikuwa mama wa makamo, na nilipomwona tu moyo ulitulia. Nilijiambia, huyu amezaa, huyu ataelewa.

Akanisikiliza hadi mwisho huku akikoroga chai.

"Mama, hii sheria ulikuwa huijui?"

"Sikuambiwa. Niliambiwa siku themanini na nne. Hilo la miaka mitatu sikuambiwa."

"Uzazi wa mpango upo. Serikali imehimiza kila mahali, redioni wanasema kila siku."

"Zahanati yetu iliishiwa vidonge. Nilikwenda nikaambiwa nirudi wiki ijayo. Wiki ijayo nikarudi, nikaambiwa wiki ijayo. Ndiyo matokeo yake haya," nikasema, nikionyesha tumbo.

Kijana aliyekuwa kwenye mashine ya kuchapa pembeni akacheka bila kuinua kichwa. "Si mngejizuia tu, mwalimu."

Nikamgeukia. Nilimtazama tu, mpaka akaanza kuchapa tena kwa kasi kama mtu aliyekumbuka kazi ya haraka.

Ofisa akaona anifafanulie vizuri. "Elewa lengo lake, mama. Lengo ni afya yako. Mwili wa mama unatakiwa upumzike kati ya mtoto na mtoto. Ukizaa harakaharaka mwili unachoka."

"Sasa mwili wangu umechoka."

"Ndiyo."

"Na kwa kuwa umechoka, nanyimwa mapumziko."

Akanywa chai. "Mimi sikuitunga, mama." Kisha akawa kama amekumbuka kitu, uso ukachangamka kidogo. "Yule mtoto wako wa kwanza yuko hai?"

"Yuko hai."

"Aa." Uso ukarudi ulivyokuwa. "Maana aliyefiwa na mtoto ana nafuu yake. Hapo tungeweza kutazama."

Nilikaa pale nikimfikiria mwanangu, ambaye saa ile bila shaka alikuwa kwa jirani anakula maharage kwa mikono miwili, na uhai wake umekuwa kikwazo. Yule mama hakuwa na nia mbaya, nalijua hilo. Alikuwa akipekua kichwani mwake mlango wowote ulio wazi, na ule ndio pekee alioukumbuka. Akaniambia naweza kuomba likizo bila malipo. Lakini gereji ya mume wangu siku nyingine ilipata gari la kutengeneza na siku nyingine haikupata, na mshahara wangu ndio ulionunua chumvi na sabuni na mafuta ya taa. Nikauliza kuhusu likizo yangu ya mwaka. Akasema ya mwalimu ni pale shule inapofungwa, na shule inafungwa Desemba. Nikaaga.

Nje nilimkuta mwenye baiskeli amelala chini ya ukuta, nikamwamsha kwa mguu. Baadaye nilimwomba radhi.

Jumamosi mume wangu alifika, nikamweleza yote huku namenya viazi, nikimenya nyama ya kiazi na ganda pamoja. Alinisikiliza, akasema, "Tutaona."

"Tutaona nini?"

"Ngoja nikaongee na mkuu. Nikaongee naye kiume."

Akaenda saa nane mchana. Alirudi jua linazama, ananukia pombe ya ndizi, amefurahi.

"Tumeelewana sana na yule mzee. Mtu mzuri sana."

"Mmeelewana nini?"

Akafikiri. "Kwamba jambo ni gumu."

Nilimpa viazi vyake, nikaingia kulala.

Mwezi wa nane ulipofika nilifundisha mpaka Ijumaa. Jumatatu saa sita mchana nikajifungua mtoto wa kike katika hospitali ya Kibondo mjini, mkubwa, mwenye sauti. Mkunga alikuwa mtani, akasema huyu amekuja kudai. Mwalimu mkuu alikuja kunitazama na mkungu wa ndizi, akamshika mtoto, machozi yakamlengalenga, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ataninyamazia wiki chache, lakini mtihani wa darasa la saba uko karibu, na yeye mwenyewe atakuwa msimamizi shule nyingine, na darasa la tatu halina mtu.

"Wiki chache ngapi, mkuu?"

"Chache, mwalimu. Wewe mwenyewe unaelewa."

Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Rungwe Mpya kunitunza. Kwao mzazi hatoki ndani hovyo. Anakaa, anakunywa uji, anakandwa, watu wanakuja na kuni na maziwa. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, Kiha kilimtosha, isipokuwa mimi aliniita Mwalimu, hata wakati ananikanda mgongo. Asubuhi aliponiona navaa sketi ya kazini, mtoto hajatimiza mwezi, alidhani nimechanganyikiwa.

"Mwalimu, unakwenda wapi?"

"Shule, Mama."

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Kazi."

Kisha akamfunga mtoto mgongoni, akakunja mkeka wake kwapani, akatangulia mlangoni. Hakuniuliza tena jambo hilo. Yule wa kwanza tulimwacha kwa jirani, na hivyo ndivyo sisi watatu tulivyokwenda shule kila siku, mbele mama mkwe, nyuma mimi na vitabu vyangu.

Walimpa nafasi kwenye stoo ya majembe, nyuma ya darasa langu. Ukuta ulikuwa wa matofali mabichi na juu uliacha uwazi, kwa hiyo kila mtoto alipolia nilimsikia, na maziwa nayo yalimsikia. Mwanamke aliyewahi kunyonyesha anajua ninachosema. Mtoto analia upande wa pili, na wewe umesimama mbele ya watoto wa watu unaeleza kutoa kwa kukopa, na blauzi inalowa mbele, maduara mawili yanapanuka. Nikawa naandika ubaoni muda mrefu kuliko ilivyohitajika ili nisigeuke. Msichana mmoja wa dawati la mbele akawa msemaji wa darasa. "Mwalimu, mtoto analia." Nasikia. "Mwalimu, bado analia." Nasikia, nakili zoezi. Wavulana nyuma wakawa wanaiga kilio, na kwa kuwa waliiga vizuri, maziwa hayakutofautisha.

Sikulala vizuri, nilikula nimesimama, na kidonda cha kujifungulia kilikuwa bado kinavuta kila nikiinama kuokota chaki. Wenzangu wa kiume walikuwa wema. Waliniambia nina nguvu. Waliniambia wanawake wa zamani walizaa shambani wakaendelea kulima. Mmoja aliniambia hivyo akiwa amekaa kwenye kiti pekee cha ofisi chenye mgongo.

Mvua za kwanza zilipoanza, mwezi wa kumi, akaja mkaguzi wa shule. Hakutoa taarifa. Alikuwa mgeni wilayani, mtu wa pwani kwa lafudhi yake, amevaa suti ya kaunda na viatu vilivyojaa tope. Alipoingia darasa la tatu hakumkuta mwalimu. Alikuta watoto wananakili ubaoni na yule msemaji wangu amesimama mbele na fimbo.

"Mwalimu wenu yuko wapi?"

"Ananyonyesha," darasa zima likajibu kwa pamoja, kama wanavyojibu salamu.

Alinikuta stoo. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia, mtoto kifuani, mama mkwe kando yangu. Mwalimu mkuu alikuwa nyuma ya mkaguzi, amekunja mikono tumboni.

"Mwalimu, hii ni shule au ni kliniki?"

Nilikuwa nimeandaa majibu mengi kwa muda wa miezi minne. Yote yalinipotea. Nikasema tu, "Likizo nimenyimwa."

"Umenyimwa na nani?"

"Na miaka mitatu."

"Hata kama. Huwezi kuacha darasa. Watoto wa taifa wale."

Hapo mama mkwe akainua uso. Akamwambia mkaguzi maneno kwa Kiha, taratibu, marefu, yenye adabu ya sauti, mkono mmoja akimwonyesha mtoto na mwingine akimwonyesha yeye kifuani. Kwa Kiswahili maana yake ilikuwa kwamba, kama mheshimiwa ana haraka na mwalimu arudi darasani, basi na aketi hapa kwenye gunia amnyonyeshe yeye, na asipoweza, basi na aende akamalizie mvua yake kwingine.

Mkaguzi akamgeukia mwalimu mkuu. "Bibi anasemaje?"

Mwalimu mkuu, mpole yule, akakohoa. "Anakukaribisha, mzee. Anasema pole na mvua."

"Asante, mama," mkaguzi akasema, akamwinamia kidogo.

Niliinamisha kichwa juu ya mtoto. Mabega yalinitikisika, na mpaka leo sijui ni kiasi gani kilikuwa kicheko na kiasi gani kilikuwa kilio. Mkaguzi akadhani nalia. Pengine hilo ndilo lililosaidia. Alisimama pale kidogo, akatazama majembe, akatazama paa linalovuja, akasema si kwa ukali, "Mkuu, hili litafutie njia."

Njia ilipatikana siku iliyofuata, na ilikuwa ileile ambayo, kumbe, kila mtu aliijua ila mimi. Mwalimu mkuu aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Mwalimu, mgongo hauumi?"

"Unauma. Nimezaa."

"Usiseme umezaa. Mgongo unauma?"

Nikamtazama.

"Nenda kwa daktari. Mwambie mgongo. Atakupa ED."

ED ni kile cheti cha daktari cha kukupumzisha kazi kwa ugonjwa. Nilikwenda. Daktari alikuwa kijana aliyechoka, foleni yake imefika barabarani. Alimwona mtoto mgongoni kwa mama mkwe, aliona blauzi yangu, na hakuniuliza mgongo unauma wapi. Aliandika. Baada ya wiki mbili nilirudi akaandika tena, kisha tena, mpaka shule ilipofungwa. Darasa langu lilichukuliwa na mke wa mchungaji aliyekuwa amemaliza kidato cha nne, na akalimudu vizuri tu. Hili nalo liliniudhi, kwamba kumbe mtu alikuwepo tangu mwanzo, nyumba ya tatu kutoka shuleni, na hakuna aliyefikiria kumwomba hadi mkaguzi alipolowesha viatu.

Basi nikapumzika. Nilikunywa uji wangu, nikakandwa, nikalala mchana na mtoto ubavuni. Lakini kila mtu aliyenisalimu njiani aliniuliza mgongo unaendeleaje, na nilitakiwa nijibu. Nilikuwa nimefanya kazi kubwa kuliko zote ambazo mwili unaweza kufanya, nikafanikiwa, mtoto mnene, mama mzima, na ili nikae naye ilinibidi nitangazwe mgonjwa. Ningeumwa kweli nisingesumbuliwa na mtu. Kosa langu lilikuwa kuzaa salama.

Mwaka uliofuata tulikuwa na semina ya walimu Kasulu. Mwezeshaji alizungumzia haki na wajibu wa mtumishi, akasoma siku themanini na nne, akasoma mara moja kila miaka mitatu, akafunga faili, akauliza kama kuna swali. Mikono ikawa chini. Nikasimama. Sikuwa nimekusudia kusimama. Nikauliza, kama lengo ni kupumzisha mwili, huyu aliyezaa kabla ya wakati ana mwili gani? Na kama lengo ni kumwadhibu, mbona anaadhibiwa mama na mtoto, na baba anaendelea na kazi yake?

Wanaume wachache wakacheka. Mwezeshaji akasema swali ni zuri, na kwamba kifungu kile kipo ili kuzuia matumizi mabaya.

"Matumizi mabaya ya nini?" nikauliza.

"Ya likizo."

"Kuna mwanamke anayebeba mimba miezi tisa ili apate likizo ya miezi mitatu?"

Akatazama saa, akasema tutaendelea baada ya chakula. Baada ya chakula aliendelea na mada ya usafi wa vyoo.

Lakini kwenye foleni ya wali walimu wanawake walinizunguka. Mmoja wa Makere akaninong'oneza, "Mimi niliandikiwa malaria." Mwingine akasema yeye ilikuwa presha, na hajawahi kuwa na presha maishani. Mama mmoja mtu mzima, karibu kustaafu, akasema yeye aliugua jino mwezi mzima na nusu, na meno yake yote anayo, akatuonyesha. Tulicheka hadi wapishi wakageuka. Kisha dada mmoja kijana, aliyekuwa kimya, akasema yeye hakujua kwamba mtu anaweza kufanya hivyo. Alirudi kazini siku ya kumi, maziwa yakakauka. Hakuna aliyecheka tena, na foleni ikasogea.

Tangu hapo nikawa sinyamazi. Kila mwalimu mpya wa kike aliyeletwa kwetu nilimketisha nikamweleza yote, kwamba siku themanini na nne ni zake hata kama hana mume, kwamba kuna ile miaka mitatu na inahesabiwa vipi, na kwamba akipata mimba aseme mapema, asisubiri kama mimi hadi miezi sita, ili kama ni kumtafuta wa kushika darasa atafutwe mapema. Wengine walinishukuru. Wengine waliniona mmbea. Mwalimu mkuu akaniomba, kwa upole, nipunguze.

Niliomba uhamisho, na baada ya kuzungushwa kwa muda nikaupata, nikahamia Kasulu na watoto, tukawa pamoja na baba yao. Mtoto wa tatu alikuja yule wa kike ana miaka minne na kitu. Likizo niliipata kama ya kwanza, bila mtu kuhesabu vidole. Mama mkwe alifika kutoka Rungwe Mpya akiwa na mkeka kwapani na kanga tatu za kumbebea mtoto, akanikuta kitandani, nimejifunika, saa nne za asubuhi siku ya kazi. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, safari hii wamenipa mapumziko, tutakaa nyumbani hadi miezi mitatu iishe.

"Hatuendi shule?"

"Hatuendi, Mama."

Akauweka mkeka chini. Alikuwa amekasirika, na hakuficha. "Ungenitumia habari, Mwalimu," akasema. "Nimeacha maharage shambani."